MWALIMU WA DARASA LA KWANZA ATALIPWA LINI?

Majuma 83. Hiyo ndiyo hesabu ya UNESCO ya muda ambao shule za Uganda zilifungwa, zote au baadhi ya madarasa yake, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Hapana nchi nyingine duniani iliyowaweka watoto wake nyumbani muda mrefu hivyo. Milango ilifungwa tarehe 20 Machi 2020, kabla hata mgonjwa wa kwanza hajatangazwa nchini humo. Oktoba ya mwaka huo madarasa ya mtihani yakarudishwa. Mwaka 2021 madarasa mengine yakaitwa kwa zamu, na Juni yote yakafungwa tena. Watoto wote walirudi tarehe 10 Januari 2022.

Twayataja haya kwa tarehe zake kwa sababu wakubwa ni wepesi wa kusahau. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza Februari 2020 alikaa darasani majuma machache tu, hata herufi hajazizoea, akaambiwa rudi nyumbani. Aliahidiwa redio. Ilisemwa kila kaya itapewa redio na kila kijiji televisheni, masomo yaende hewani. Wananchi walingoja redio hizo mpaka shule zikafunguliwa. Magazeti yalichapa masomo, na walioweza kununua gazeti walisoma. Mtoto wa mkulima wa Karamoja gazeti angelipata wapi?

Walimu nao yaliwakuta mazito. Wa serikali waliendelea kupata mshahara, lakini wale wa shule za watu binafsi, ambao mshahara wao hutoka katika ada za wazazi, waliachwa mikono mitupu. Wengine walifyatua matofali, wengine wakaendesha bodaboda, wengine wakauza chapati kando ya barabara. Wako ambao hawakurudi tena darasani, na sisi hatuwalaumu. Agosti 2021 Mamlaka ya Mipango ya Taifa ya Uganda ilionya kwamba asilimia 30 ya wanafunzi huenda wasirudi shuleni, na kwamba shule zaidi ya 4,000 huenda zisifunguliwe tena. Wasichana wengi walipata mimba katika muda huo. Wavulana walikwenda machimboni na mashambani, wakazoea kushika fedha.

Basi siku ya kufungua ilipofika, sisi tulitazamia kwamba mjadala wa kwanza katika Bunge la Kampala ungekuwa huu: mtoto aliyepotewa na miaka miwili afundishwe vipi, na nani, kwa malipo gani? Jibu lililotolewa lilikuwa jepesi. Wanafunzi walipandishwa darasa wote, wakapewa mtaala uliofupishwa. Mtaala unaweza kufupishwa kwa kalamu. Lakini mtoto asiyejua kusoma hageuki msomaji kwa kuhamishiwa chumba cha pili.

Shirika la Uwezo, ambalo hupita nyumba kwa nyumba kuwapima watoto, lilikwisha kuonyesha hali ilivyo. Mwaka 2018, katika watoto wa darasa la tatu hadi la saba, kama 6 katika kila mia walikuwa hawawezi kutambua hata herufi. Mwaka 2021 wakawa karibu 12. Hao si watoto wa chekechea. Ni watoto wa darasa la tatu na kuendelea, na baadhi yao walikuwa karibu kuitwa vijana wa kufundishwa ufundi.

Na ufundi ndio uliokuwa wimbo wa kila mkutano. Baada ya Korona wakubwa wa Uganda walisema kwa sauti moja kwamba nchi yataka sayansi na stadi za kazi. Sisi hatuna ugomvi na maneno hayo. Rais Museveni ameyasema miaka mingi, kwamba mwanasayansi alipwe kwanza kwa kuwa ni haba na nchi nyingine humtamani. Korona yenyewe iliitia nguvu hoja hiyo, maana sote katika Afrika Mashariki tuliona tulivyokaa tukingoja chanjo ije kwa ndege kutoka ng'ambo. Hoja ina haki yake. Ugomvi wetu ni juu ya namna ilivyotekelezwa.

Katika mwaka wa fedha ulioanza Julai 2022, mwalimu wa sekondari mwenye shahada anayefundisha sayansi alipandishiwa mshahara ukafika shilingi za Uganda milioni 4 kwa mwezi. Mwenzake mwenye shahada kama yake, wa chuo kile kile labda, anayefundisha historia, jiografia au lugha, alibaki na milioni moja na ushei. Na mwalimu wa shule ya msingi, yule mwenye cheti, alibaki na shilingi kiasi cha 500,000.

Msomaji, fanya hesabu pamoja nasi. Kwa mshahara wa mwalimu mmoja wa fizikia waweza kulipa walimu wanane wa darasa la kwanza. Hatusemi mwalimu wa fizikia apunguziwe hata senti. Amestahili, na alingoja sana. Twauliza tu: huyo mwalimu wa fizikia atamfundisha nani? Atamfundisha yule yule mtoto aliyevushwa madarasa bila ya kujua kusoma. Swali la fizikia huandikwa kwa maneno, na asiyeweza kuyasoma maneno hafiki kwenye hesabu yake. Fedha zimemwagwa juu ya paa, na msingi haujapata hata ndoo moja ya saruji.

Walimu hawakunyamaza. Tarehe 15 Juni 2022 Umoja wa Walimu wa Uganda uliita mgomo, ukidai nyongeza iwafikie wote. Majibu ya serikali yalikuwa vitisho kwanza, kwamba asiyerudi kazini atafukuzwa. Mapema Julai, baada ya kukutana na Rais, walimu wakarudi darasani, na tofauti ya mishahara ikabaki pale pale. Juni 2025 walimu wa masomo ya sanaa waligoma tena kwa dai lile lile. Watu wanaogoma mara mbili, miaka mitatu imepita katikati, hawawezi kuitwa watu wa hasira za siku moja.

Sasa litazameni jambo moja ambalo kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili ni karibu kuwa kichekesho. Katika Julai hiyo hiyo ya 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi ya nchi, likapendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari na kitahiniwe. Tulifurahi, nani asingefurahi? Lakini mwalimu wa Kiswahili yuko katika fungu gani? Ni mwalimu wa sanaa! Katika mwezi ule ule wa kuanza mishahara ya kubagua masomo, serikali inatangaza kwamba yataka maelfu ya walimu wa somo ambalo imekwisha kulitia katika fungu la robo mshahara. Kijana mwenye akili anayechagua somo la kusomea ualimu ataona mara moja pa kwenda.

Na si Kiswahili peke yake. Uganda ilianza mtaala mpya wa sekondari ya chini mwezi wa Februari 2020, majuma machache tu kabla ya kufunga shule. Mtaala huo ni mzuri kwa maandishi. Unataka mwanafunzi afanye miradi kwa mikono yake, aache kukariri, atoke na stadi ya kumwezesha kuishi. Miongoni mwa masomo yaliyofanywa ya lazima kwa kidato cha kwanza na cha pili ni ujasiriamali, yaani namna ya kuanzisha na kuendesha biashara. Hilo ndilo somo la stadi lililo karibu kabisa na maisha ya mwananchi. Na mwalimu wake? Naye hesabu yake ni ya sanaa. Mtaala wasema hivi na daftari la mishahara lasema vile, na walimu, kama watu wengine wote, hulisoma daftari la mishahara kwanza.

Mwaka huo huo wa 2022 Makerere ilitimiza miaka mia moja. Wengi waliosherehekea walisahau ilivyoanza. Mwaka 1922 Makerere ilikuwa shule ya ufundi, yenye wanafunzi 14, wakifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Kutoka katika randa na msumeno ilikua ikawa chuo kilichowalea viongozi wa Afrika Mashariki nzima. Kwa hiyo mtu asije kutuambia kwamba sisi tunadharau ufundi tunapomtetea mwalimu wa herufi. Kila seremala mzuri husoma futi, na mwashi mzuri hupiga hesabu ya mifuko ya saruji kabla hajachimba msingi. Tunawajua pia mafundi hodari ambao hawakuingia darasani, na tunawaheshimu. Waulizeni wenyewe: zabuni ya serikali huandikwa kwa maneno, na hupewa mwenye kuweza kuisoma. Fundi wetu asiyesoma hufanya kazi, na mwenye kampuni hula faida.

Mwalimu Nyerere, ambaye alisomea ualimu hapo hapo Makerere, alieleza mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea kwamba elimu ya msingi yapasa iwe kamili yenyewe, isiwe ngazi tu ya kupandia sekondari, kwa kuwa watoto wengi wangeishia hapo. Hali imebadilika, sekondari ni nyingi, lakini Uganda ya baada ya Korona imeonyesha kwamba neno hilo halijazeeka. Watoto wengi walioacha shule katika yale majuma 83 waliachia katika shule ya msingi. Sera yoyote ya stadi inayoanzia sekondari haiwaoni kabisa.

Wasomaji wetu wa Tanzania na Kenya wasijitenge wakisema hayo ni mambo ya Uganda. Tanzania ilifunga shule miezi mitatu tu mwaka 2020, na Kenya ilirudisha wanafunzi wote Januari 2021, lakini mazungumzo yaliyofuata ni ndugu wa yale ya Kampala. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania, toleo la 2023, iliyozinduliwa Februari 2025, yataka elimu ya lazima ya miaka kumi na mkondo wa amali. Kenya imepeleka wanafunzi wa kwanza wa darasa la kumi Januari 2026, wachague kati ya sayansi, jamii, na sanaa na michezo. Mikondo kila mahali! Mkondo ni kitu kizuri ikiwa maji yapo. Amali bila karakana, bila mbao, bila mashine ya kuchomelea na umeme wa kuiendesha, ni jina tu kwenye ratiba.

Mapendekezo yetu kwa ndugu wa Uganda ni haya. Mshahara ufuate elimu ya mwalimu na kazi yake, na nyongeza ianzie darasa la kwanza, ambako mwalimu mmoja husimama mbele ya watoto sabini. Kama sayansi inahitaji kivutio, watoe posho ya maabara, watoe nyumba. Wasivunje chumba cha walimu vipande viwili. Na wale walioacha shule wakati wa Korona, ambao sasa ni vijana wenye watoto wao, wafunguliwe darasa la jioni la kusoma na kuhesabu katika vyuo vya ufundi vyenyewe, wajifunze herufi na cherehani chini ya paa moja.

Bajeti za Uganda, Kenya na Tanzania husomwa mwezi wa Juni. Twawaomba wabunge wa nchi zote tatu, watakapokabidhiwa vitabu vile vinene, wafungue ukurasa wa elimu na watafute mstari mmoja tu, ule wa mshahara wa mwalimu wa darasa la kwanza. Wakiukuta haujaguswa, wasimame wamwulize Waziri kabla hawajapiga meza.