Undugu wa Sokoni Una Deni Lake

Mtu atokaye Kindu kwenda Tunda na baiskeli iliyoelemewa na chumvi, sabuni na vitenge, akapita Kibombo na kuingia katika vijiji vya Watetela, hujua kabla hajafungua mzigo kwamba haitaulizwa bei ya chumvi kwanza, ataulizwa yeye: baba yako ni nani, mama yako katoka kijiji gani, na yule mjomba wako aliyekuwa akifanya kazi relini, je, yu hai bado? Mchuuzi mwenye haraka huyaona maswali haya kuwa ni kupoteza wakati, naye hurudi na nusu ya mzigo wake akinung'unika kuwa watu wa vijijini hawana fedha.

Fedha wanazo, japo haba, na maswali yale yana maana yake. Bidhaa za kiwandani huja Kindu kwa ndege, au kwa treni ambayo wenyeji hawaihesabii siku wala mwezi, kisha husukumwa kwa baiskeli katika njia za matope. Na mama aliyeketi Tunda hana la kufanya ili ajue sabuni ile imetoka wapi, wala hana kadhi wa karibu wa kumshitakia aliyemghushi. Basi akishindwa kuikagua bidhaa humkagua mletaji. Mtu ambaye kijiji cha mama yake kinajulikana ni mtu anayeweza kutafutwa. Nasaba, katika muamala wa namna hii, ni dhamana kama ilivyo rehani mahali pengine.

Ndiyo sababu nawatazama kwa wasiwasi vijana wetu wanaofundishana katika simu zao elimu ya kumvuta mteja: mwonyeshe meno, mtaje jina lake mara kwa mara, msifu mavazi yake, mwite yaya, yaani mkubwa wako, hata kama umemzidi umri. Elimu hii si mpya, kwani Mmarekani Dale Carnegie aliitia kitabuni mwaka 1936, na kitabu chake kikanunuliwa kwa mamilioni. Sina ugomvi na tabasamu. Lakini anayemwita mteja ndugu amejitia katika deni, na wengi walitamkao neno hilo hawana nia ya kulilipa.

Bingwa wa elimu hiyo katika Maniema yetu alikuwa mfanya biashara Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyelakabiwa Tippu Tip. Amesimulia mwenyewe, katika habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili, jinsi alivyoupata utawala wa Utetela, nao aliupata kwa nasaba. Alikuwa amesikia kwamba Kasongo Rushie, mtawala mzee wa pande hizo, alinyang'anywa zamani dada zake wawili, wakachukuliwa mateka wasirudi tena. Akayahifadhi majina yao na mkasa wao wote, hata alipofika kwa mzee akadai kuwa mmoja wa dada hao ndiye bibi yake. Mzee akasadiki, akamwachia utawala, na pembe za ndovu za nchi ile zikaanza kuletwa kwa mjukuu. Ukiutazama ustadi peke yake utaona ni wa kutolewa mfano: alisikiliza kwanza, akashika majina, akamgusa mwenyeji pale moyo wake ulipokuwa ukimuuma. Ila mama yule hakuwa bibi yake.

Wala si hadaa tu iwezayo kulivunja soko. Katika mwaka 1871 msafiri David Livingstone alikaa miezi kadhaa Nyangwe, juu ya mto kutoka hapa Kindu, akaandika kwa furaha habari za wanawake waliovuka Lualaba kwa mitumbwi na samaki, mihogo na kuku wao, na za ada iliyowahifadhi waendao sokoni hata vijiji vilipokuwa vitani. Tarehe 15 Julai waliingia sokoni watu watatu wenye bunduki, na Livingstone, akiwa anaondoka kwa sababu ya joto, alimwona mmoja wao akibishania bei ya kuku, kisha akimkamata kuku yule. Hakwenda mbali bunduki zikalia. Kwa hesabu ya wafanya biashara waliokuwa mabwana wa wenye bunduki hao walikufa watu baina ya 330 na 400, wengi wao wakizama mtoni. Kila nisomapo habari hizo fikira zangu hubaki kwa yule kuku, kwa kuwa asubuhi ile ilianza kama zianzavyo asubuhi zote za soko, kwa mtu kutaka kitu kwa bei isiyomridhisha mwenyewe.

Mimi nami sikuwa mwema siku zote. Katika ujana wangu nilipeleka Tunda gunia la chumvi lililoingia maji katika kijito, nikaianika juujuu, nikaiuza kwa maneno matamu, kila mwanamke nikimwita mama na kila mzee baba. Mama mmoja, muuza mchele, aliniuliza nasaba yangu mpaka kwa babu, nami nikamjibu kwa adabu zote huku nikimpimia makopo mawili ya chumvi niliyoijua kuwa si nzima.

Mwezi wa pili niliporudi alinikaribisha kwake, akanipakulia wali na sombe ya mawese, akangoja nimalize kula na kunawa mikono. Ndipo akaingia ndani, akatoka na jani la mgomba, akalifunua mbele yangu: chumvi yote ilikuwa imeshikana bonge moja, nyeusi chini. "Mwanangu," akasema, "hii ni ya kwenu." Hakudai fedha. Nikampimia makopo mawili mengine, makavu, nikaongeza la tatu, akapokea.

Kisha nikataka mchele wa kurudi nao Kindu. Desturi yake ilikuwa kulijaza kopo hadi lifanye kilima, na baada ya kopo la mwisho kutia konzi moja la nyongeza, ile tuiitayo matabishi. Siku ile alijaza kopo, akapitisha kiganja juu ya mdomo wa kopo, mchele ukawa sawasawa na bati. Akafanya hivyo kopo baada ya kopo, akihesabu kwa sauti, akafunga mfuko wangu kwa kamba, akaniaga kwa heshima na kuniambia niwasalimu nyumbani. Safari iliyofuata akapima vivyo hivyo, kiganja juu ya bati. Safari ya tatu alipomaliza kuhesabu alinyamaza kidogo, akaingiza mkono kapuni, akanitilia lile konzi, wala hakusema neno.