Tuanze na Chombo, Majina Yafuate

Katika kukagua mazoezi ya kufundisha, tumezoea kusikia somo la sayari likiendeshwa kwa njia moja tu: mwalimu hutaja majina, wanafunzi huyakariri, kengele hulia. Kwa maoni yetu, somo la namna hiyo humnyima mtoto swali lililo mzazi wa elimu ya nyota: je, vitu hivi vilionekanaje?

Tuchukue mfano wa sayari za nyota nyingine. Sayari kama Dunia, ikitazamwa kutoka mbali, ni hafifu kuliko jua lake mara bilioni kumi hivi. Darubini kubwa peke yake haitoshi. Sharti mwanga wa nyota uzuiwe.

Mfaransa Bernard Lyot alikabili tatizo la jamii hiyo. Kabla yake, korona, yaani utando hafifu wa mwanga uzungukao jua, ilionekana tu jua lilipopatwa kabisa. Lyot aling'amua kwamba chombo chenyewe kilikuwa miongoni mwa vizuizi: vumbi, mikwaruzo na kingo za lenzi hutawanya mwanga. Akatumia lenzi safi mno, akaziba taswira ya jua kwa kisahani, kisha akauziba na mwanga uliopinda ukingoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, juu ya mlima Pic du Midi, akaipata korona bila kungoja kupatwa kwa jua.

Mwaka 1984, Bradford Smith na Richard Terrile walitumia chombo cha jinsi hiyo kupiga picha ya vumbi lizungukalo nyota Beta Pictoris. Mwaka 2008, Christian Marois na wenzake walitangaza picha za sayari tatu za nyota HR 8799. Waliacha taswira ya anga izunguke ndani ya darubini: madoa ya chombo yalibaki mahali pake, sayari zikasogea. Yaliyobaki wakayatoa, kwa hesabu ile ile ya kutoa tunayoifundisha kila siku.

Darasani yatosha tochi moja. Ielekeze kwa wanafunzi, na kando yake bandika karatasi yenye herufi ndogo. Hawataisoma. Iziba tochi kwa kisahani cha karatasi ngumu, waisome. Kisha waulize ni nini kilichobadilika.

Watakuwapo watakaosema kwamba mtihani huuliza majina. Ni kweli, na majina yatajulikana. Lakini mwanafunzi aliyefundishwa majina peke yake atangoja wengine wamwonee. Walimu wenzetu, tusimlee hivyo.