Wepesi wa Gurudumu na Uzito wa Hoja

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, mashindano ya Formula SAE yaliyoanzia Marekani yamewapa wanafunzi wa uhandisi jukumu la kubuni na kuunda gari dogo la mbio. Baadhi yao wamethubutu kuunda hata magurudumu ya nyuzi za kaboni. Je, hiyo ni busara au mbwembwe tu?

Hoja ya wepesi ina mashiko. Bodi ya gari hubebwa na springi, lakini gurudumu halibebwi. Likiwa zito, huchelewa kufuata mabonde ya barabara na tairi hupoteza mshiko. Isitoshe, uzito ulio ukingoni mwake huhitaji nguvu zaidi kuuzungusha na kuusimamisha.

Hata hivyo, alumini aghalabu hupinda kabla ya kuvunjika, ilhali nyuzi za kaboni huweza kukatika ghafla. Uimara wake hutegemea uelekeo wa kila tabaka, na kiputo cha hewa kilichosalia ndani ya gundi chaweza kuzaa ufa. Atakayeulipia ni dereva.

Kwa hivyo, gurudumu la kwanza lisifungwe garini, bali livunjwe maabarani. Kikundi kisichomudu kuvunja la kwanza na kuunda jingine kitumie alumini bila kuona haya. Katika mashindano hayo, ubunifu wa kihandisi una alama 150 kati ya 1,000, na waamuzi huwadai wanafunzi sababu za kila uamuzi. Anayejua kwa nini gurudumu lake zito halivunjiki ni mhandisi kuliko asiyejua kwa nini lake jepesi lingali zima.