Kanuni Zinajulikana

CHINI YA MWEMBE, na Mwana-Unyanyembe

Katika madhalimu wote niliojaaliwa kuwaona tangu nilipopata fahamu, na Mola hakuninyima kitu katika jambo hilo, sijapata kumwona aliye mwepesi wa kuhukumu na mzito wa kueleza kama admini wa grupu la WhatsApp. Na wiki hii, wallahi, nimemwona akiwa kazini.

Hapa mtaani kwetu tuna grupu la kufa na kuzikana, ambamo msiba hutangazwa, mchango ukaitishwa, na majina ya waliotoa yakapangwa kwa nambari pamoja na alama ya vyema ya kijani, ya wasiotoa yakaachwa wazi mbele ya macho ya watu mpaka haya iwashike. Lina kanuni tano, zilizoandikwa na mtu ambaye dhahiri alikuwa na haraka, na ya pili yasema hivi: "Siasa, biashara na mambo yasiyofaa marufuku." Hayo mambo yasiyofaa ni yapi, hayafai kwa nani, na ni nani aliyekabidhiwa mizani ya kuyapimia, kanuni imenyamaza. Kila kukicha admini mwenyewe hutuwekea humo bei ya vifaranga vyake, na shemeji yake hutuletea picha ya waridi yenye onyo kwamba asiyeisambaza kwa watu kumi atapatwa na nuksi kabla ya magharibi. Na hayo, nadhani, yafaa.

Siku ya Jumanne mzee mmoja, mstaafu wa reli, aliyemaliza ujana wake katika magari moshi ya Kigoma na Mpanda asipate kumtukana abiria hata mlevi, aliandika maneno manne tu: "Jamani, kwenu maji yanatoka?" Wasomaji wangu wa zamani wanalijua bomba langu, lile niliitalo Mheshimiwa kwa kuwa hutoa sauti kubwa na lisitoe kitu kingine, kwa hiyo watanisadiki nikisema kwamba swali lile lilikuwa swali la kiu, wala halikuwa na kadi ya chama chochote. Lakini kabla sijamaliza kuandika jibu langu, nami huandika kwa kidole kimoja kama mjuavyo, likatokea lile tangazo dogo kwamba mzee ameondolewa, na chini yake fatwa: "Tumemtoa mmoja kwa kukiuka kanuni. Tuheshimiane." Ikafuata mikono ya dua, mmoja juu ya mwingine, kutoka kwa watu ambao mabomba yao nayajua kuwa ni makavu kama langu.

Nikauliza kwa adabu zote: kanuni ipi? Nikajibiwa: "Kanuni zinajulikana." Nikauliza mara ya pili, nikapewa onyo la mwisho, ilhali la kwanza sijapata kuliona.

Sababu yake naijua, wala sihitaji mtaalamu wa Dodoma aje kunieleza. Kanuni iliyo bayana humfunga hata aliyeiandika, na isiyo bayana humfunga msomaji peke yake. Ndiyo maana admini wetu, aliye hodari wa kupanga hesabu za mchango hadi shilingi mia, huishiwa na ufasaha ghafla afikapo kwenye neno "yasiyofaa".

Mji wetu huu wa Tabora umeota juu ya njia ya misafara, na matozo ya ovyo si mageni kwa wazee wetu. Msafara uliotoka Bagamoyo kuja Unyanyembe ulipita Ugogo, na huko kila mtemi alidai hongo yake kwa doti za merikani na kaniki, wala hapakuwa na kiwango kilichoandikwa popote, kwani kiwango kilitegemea mali uliyochukua, na njaa ya mwaka ule, na jinsi mtemi alivyoamka. Msafiri Burton alilipa mwaka 1857, msafiri mwenzake Stanley akalipa mwaka 1871, na wote wawili wakalalama vitabuni. Walakini hongo ilikuwa na insafu ambayo admini wetu hana: wajumbe walikwenda na kurudi, nguo zikahesabiwa, zikakataliwa, zikahesabiwa tena, jua likachwa na watu wangali wakisemezana, na mwishowe msafara ukapita. Hata mtemi Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji mwaka huo huo wa 1871, hapakuwa na mfanyabiashara wa Tabora asiyejua ni nani aliyeifunga na ana kinyongo gani.

Mjukuu wangu, ambaye hunisoma ili anicheke, asema haya ya mtaani ni madogo, kwamba huko kwenye jukwaa la mtandaoni la JamiiForums watu hula ban miaka nenda rudi na hawafi, na ya kuwa JamiiForums wenyewe wamekuja kuila: mwaka 2018 walilazimika kuufunga mtandao wao kwa muda zilipokuja kanuni za maudhui ya mtandaoni, na Septemba 2025 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wakawasimamishia leseni kwa siku 90. Sitaki kuiingia kesi ya wakubwa. Nasema tu kwamba siku 90 huhesabika. Mzee wa reli amefungiwa siku ngapi? Hajui yeye, na sidhani kama ajua aliyemfungia.

Wala mtu asiniambie kwamba hilo ni jambo la simu. Alhamisi alifariki mtu aliyefanya kazi pamoja na mzee huyo hapo stesheni tangu enzi za treni za mvuke. Tangazo likawekwa kwenye grupu asubuhi, maziko yakawa baada ya alasiri. Na zamani angalitumwa mtoto nyumba kwa nyumba, bali siku hizi mtoto hatumwi, maana "limeshawekwa". Mimi nilikuwa Sikonge. Mzee alikuwa barazani kwake akitengeneza redio, na mwenzake akazikwa mtaa wa pili pasipo yeye kutia hata konzi ya udongo. Katika orodha ya mchango jina lake halikuwamo, na baadhi ya wale wenye mikono ya dua wakanong'onezana kahawani kwamba uzee umemtia ubahili.

Jana wajumbe walikwenda kwa admini kumwombea. Akasema hana kinyongo naye hata chembe, na atamrudisha pindi mzee atakapoandika kwamba amekosa na hatarudia. Mzee akauliza aandike kwamba amekosa nini. Wajumbe wakarudi kuuliza, wakaambiwa kanuni zinajulikana.

Nakala ya safu hii nitaiweka kwenye grupu leo baada ya adhuhuri. Wanachama wenzangu watazame saa.