Kabla ya Gunia la Kwanza

Msomaji wetu wa Trans Nzoia anaijua mbegu. Anajua kwamba mahindi ya 611, yaliyotoka kituo cha utafiti cha Kitale mwaka 1964, yalitanguliwa na miaka ya kuchavusha kwa mkono na kuvisha mahindi machanga vifuko vya karatasi, bila gunia hata moja la kuuza. Kwa hiyo anayeniuliza utafiti wa seli utamfaa nini mgonjwa wa Bungoma anayekojoa damu leo, namjibu kwa mahindi.

Mwaka 1982, watafiti nchini Marekani waliokuwa wakichunguza seli za saratani ya kibofu waliifuatilia jeni iitwayo HRAS mpaka wakalikuta kosa lenyewe: herufi moja, T mahali pa G. Kosa dogo hivyo lilitosha kuifanya jeni iendelee kuiamuru seli igawanyike hata pasipo haja. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa ameonyesha badiliko kama hilo katika saratani yoyote ya binadamu.

Makosa ya namna hiyo yana vyanzo, na kimoja twakilima wenyewe. Kule Malakisi tumbaku ni zao la biashara. Sumu za moshi wake huingia damuni, zikachujwa na figo, kisha zikalala kibofuni pamoja na mkojo, saa baada ya saa, zikigusa ukuta wa ndani. Mvutaji huhofia mapafu. Ni wachache niliowasikia wakitaja kibofu.

Sasa kunja mkono wa kushoto wa shati lako. Kovu lile dogo kwenye kigasha ni la BCG, chanjo ya kifua kikuu. Mwaka 1976 daktari Alvaro Morales wa Kanada alieleza jinsi alivyoitia chanjo hiyo kibofuni kwa mpira wa mkojo, ili kinga ya mwili iamke na kuushambulia uvimbe wa saratani. Hadi leo hutibiwa hivyo wengi ambao uvimbe wao haujazama kwenye msuli, na maabara bado zinatafuta kwa nini huwafaa hawa na si wale.

Mahindi ya 611 yalizaliwa kwa kuchanganya mbegu ya Kitale na ya Ekwado. Ya kigeni peke yake haikutosha. Ndivyo ilivyo kwa saratani: uvimbe wa kibofu unaotokana na kichocho cha Kwale na Tana River mara nyingi si wa aina ile ya mvutaji, wala hautaeleweka kwa kusoma vipande vya uvimbe wa wagonjwa wa Ulaya na Marekani pekee. Vipande vinavyokatwa kwetu vihifadhiwe, jeni zake zisomwe, na majibu yarudi wodini. Na yeyote anayeona damu kwenye mkojo, hata isiyo na maumivu, hata iliyotoka siku moja ikakoma, asingoje: aende apimwe wiki hii.