Nywele za Kipilipili na Mafuta ya Yaa

Huko Acholi na Lango, kaskazini ya Uganda, akina mama hutengeneza mafuta kwa kokwa za mti wa yaa, nao huyaita moo yaa. Ni ndugu wa siagi ya shea ya Afrika Magharibi, ila ni laini zaidi, hata huyeyuka kiganjani. Wengi huyapaka katika nywele kavu, kisha hulalamika kuwa zingali zakatika. Mafuta hayaleti maji; huyazuia tu yasipotee. Basi nywele na zilowanishwe kwanza. Vijiko 4 vya moo yaa na 1 cha mafuta ya nazi au ya nyonyo viyeyushwe katika bakuli lililowekwa ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya jiko, vikorogwe hadi vigande. Maji yasitiwe humo, yataleta ukungu. Mtoto mwenye mashilingi kichwani apelekwe zahanati, kwani mafuta hayatibu maradhi hayo.

La kusikitisha ni kwamba mti wenyewe, ambao hukaa miaka 10 na zaidi kabla ya kuzaa, hukatwa kwa ajili ya mkaa. Mwaka 2023 Serikali ya Uganda ilipiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara huko kaskazini.