Alama za Ardhi na Hazina ya Mayatima



Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.), mwezi huu twapenda kuzungumza na wasomaji wetu, na hasa vijana, juu ya jambo lililoingia majumbani mwetu kimyakimya, nalo limekwisha leta hasara na uadui. Jambo hilo ni kuchimba ardhi kwa kutafuta mali iliyofukiwa, na kufuata alama za mawe na miti kwa kudhani kuwa zaonyesha mahali mali ilipo.

Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, alitujia kijana aliyesoma kwetu chuoni tangu Alifu hata akahitimu Msahafu. Alitoa shikamoo, akaketi, kisha akakunjua karatasi. Ilikuwa imeandikwa alama tatu: msalaba ndani ya duara, mshale, na mstari uliopinda. Akasema, "Maalim, tumeambiwa hii ya tatu ni harufi ya Kiarabu. Twaomba utusomee."

Tukaitazama karibu na taa. Haikuwa harufi. Tukamwambia, "Mwanangu, hii ni tarakimu. Umeitoa wapi?"

Ndipo alipoeleza yote. Palikuwa na jiwe kando ya shamba lao, nalo lilichongwa alama hizo. Alikuja mtu anayejiita fundi wa mali za Wajerumani, akasema jiwe lile ndilo mlango. Baba yake kijana akaweka rehani minazi kumi na miwili ili apate fedha za fundi. Akanunuliwa mbuzi, ukafukizwa ubani, likang'olewa jiwe, likachimbwa shimo lenye kina cha watu wawili waliosimama mmoja juu ya mwenzake. Halikutoka kitu ila mchanga na maji. Fundi akasema, "Majini walinzi wamekasirika, wameihamisha mali. Sasa ipo chini ya kaburi la kale lililo kando ya gofu la msikiti." Kijana aliposikia habari ya kuvunja kaburi moyo ukamsita, na ndiyo sababu akaja kwetu.

Asubuhi yake tulikwenda shambani. Tulilolikuta ndilo lililotutia kalamu mkononi. Jiwe lile lilikuwa mpaka. Upande wa pili ni shamba la marehemu mmoja aliyeacha mjane na watoto wawili wadogo. Tangu jiwe kung'olewa, ami yake kijana alikwisha panda mihogo kupita pale mstari ulipokuwapo. Mjane alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo, mtoto mgongoni. Hakulia wala hakutukana. Alituuliza neno moja tu: "Maalim, mpaka wangu uko wapi?"

Wasomaji wetu, hebu tuyatie akilini maneno hayo. Katika Suratul Kahf, Mwenyezi Mungu ametusimulia kisa cha Nabii Musa na yule mja mwema aliyepewa elimu. Walifika katika mji ambao watu wake waliwanyima chakula. Wakakuta ukuta unaotaka kuanguka, na yule mja akausimamisha bila ya ujira. Musa alistaajabu, hata akaelezwa kuwa chini ya ukuta ule palikuwa na hazina ya mayatima wawili, na baba yao alikuwa mtu mwema, na Mola alitaka wakue ndipo wajitolee hazina yao wenyewe.

Basi tazameni tofauti. Mja wa Mwenyezi Mungu alijua kwa yakini kuwa hazina ipo, na juu ya hayo hakuchimba. Aliujenga ukuta ili haki ya mayatima ihifadhike. Sisi hatukuwa na yakini yoyote, tukaung'oa ukuta wa mayatima kwa tamaa ya hazina isiyokuwapo. Lile jiwe ndilo lililokuwa hazina ya watoto wale, kwani liliwalindia urithi wa baba yao.

Na Mtume wetu (S.A.W.) ametukataza jambo hili kwa tamko zito. Katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, amelaaniwa mwenye kugeuza alama za mipaka ya ardhi. Na katika hadithi nyingine sahihi, mwenye kupora ardhi ya mtu, japo kwa kadiri ya shibiri moja, atavikwa Siku ya Kiyama shingoni mwake ardhi saba. Je, mihogo ya msimu mmoja yafaa kulipiwa bei hiyo?

Huenda msomaji akauliza: Kwani hizi habari za mali za Wajerumani ni uwongo mtupu? Twajibu kwa insafu. Dhahabu ilikuwapo. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Wajerumani walizungukwa na maadui, fedha zikawaadimikia. Mwaka 1916 wakapiga sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli huko Tabora, kwa dhahabu iliyotoka Sekenke. Sarafu hizo zina sura ya tembo, na idadi yake yapata 16,000. Mwaka huo huo Tabora ikatekwa, nao wakakimbia kuelekea kusini. Watu walioona ukimbizi ule walisimulia, na wajukuu wakaongeza, hata kila boma na kila mbuyu ukawa na sanduku chini yake.

Lakini tutumie akili aliyotupa Mwenyezi Mungu. Mtu anayeficha mali kwa kuogopa adui haandiki juu ya jiwe, mbele ya macho ya kila apitaye, kuwa mali ipo hapa. Tena Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika tangu mwaka 1925, na wengi walirudi wakanunua mashamba. Mwenye kuficha chake alikuwa na nafasi ya kukifukua.

Basi hizi alama ni za nini? Aghlabu ni za wapima ardhi. Wajerumani, na Waingereza baada yao, walipima mashamba ya mkonge, barabara na njia ya reli, kama ile iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893. Mpima hutia jiwe au nguzo, akachonga msalaba, mshale au namba, ili mpima wa baada yake ajue alipoishia mwenzake. Kuling'oa jiwe la namna hiyo ni sawa na kuchana hati ya shamba.

Na matundu ya duara yaliyo katika nguzo za makaburi ya kale je? Hayo nayo huambiwa kuwa ni mdomo wa hazina. La, si hivyo. Wazee wetu wa pwani walikuwa wakipamba makaburi ya watu wakubwa kwa mabakuli na sahani za kauri kutoka China, wakizijengea ndani ya chokaa. Aendaye Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, au Kaole karibu na Bagamoyo, au Kunduchi, atayaona makaburi hayo. Tundu ni mahali pa bakuli lililong'olewa na mwizi. Kwa hivyo anayelifuata tundu lile hafuati alama ya hazina bali nyayo za mwizi aliyemtangulia. Na maiti ana heshima yake: Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja hali yu hai.

Ama juu ya mafundi wanaodai kuwa majini wamewaonyesha mali, twawakumbusha wasomaji kisa cha Nabii Suleiman (A.S.). Majini walimfanyia kazi ngumu naye ameegemea fimbo yake, ilhali amekwisha kufa, wala hawakutambua mpaka mdudu wa ardhi alipoila fimbo na mwili ukaanguka. Ikiwa hawakujua mauti ya mtu aliye mbele ya macho yao, watajuaje kilichofukiwa pima tatu chini ya mchanga? Ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Na imepokewa na Imamu Muslim kuwa mwenye kumwendea mtabiri akamuuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku arobaini. Basi huyo fundi hakuchukua mbuzi na minazi tu, bali amechukua na sala za nyumba nzima.

Hata hivyo, sheria yetu haikuiacha habari ya mali ya ardhini bila ya hukumu, na ni vyema kila nyumba iijue. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, hukumu huangalia mambo mawili: mali imeonekana katika ardhi ya nani, na ina alama gani.

Ikiwa ni dhahabu au fedha iliyofukiwa na watu wa zama za kabla ya Uislamu, nayo imeonekana katika ardhi isiyo na mwenyewe, au aliyoihuisha huyo aliyeipata, hiyo huitwa rikazi. Ikifika nisabu, mwenye kuipata hutoa humusi yake, yaani sehemu moja katika tano, papo hapo bila ya kungoja mwaka, akawapa wanaostahiki zaka; zilizobaki ni zake. Ikiwa imeonekana katika milki ya mtu, basi mwenye milki ndiye wa kuulizwa kwanza, wala si halali kuichukua usiku na kunyamaza. Na ikiwa ina alama ya Kiislamu, kama aya ya Kurani au jina la mfalme Mwislamu, basi si rikazi. Mwenyewe akijulikana hurudishiwa yeye au warithi wake, na asipojulikana ni luqata, kitu kilichookotwa, ambacho hutangazwa mwaka mzima.

Mwaona basi! Ipo alama ambayo sheria imetuamrisha kuisoma, nayo ni ile inayotuambia mali ni ya nani. Mwenye tamaa husoma alama ili ajue achimbe wapi. Muumini huisoma ili ajue haki ya mwenzake iko wapi. Na serikali nayo ina hukumu yake: Tanzania Bara ina sheria ya kuhifadhi mambo ya kale tangu mwaka 1964, na mahali pa kale hapachimbwi bila ya ruhusa. Mwenye kuokota kitu cha kale na apeleke habari kwa wakuu.

Tusije tukadhaniwa kuwa twachukia kila mwenye kushika jembe. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, wataalamu wa mambo ya kale walipokuwa wakichimba kwa ruhusa walikuta akiba ya sarafu ndogo ndogo za fedha, zaidi ya 2,000, pamoja na vipande vichache vya dhahabu. Wao hawakuja na mbuzi wala ubani. Walikwangua udongo kidogo kidogo, wakaandika kila kitu na mahali kilipolala. Wakasoma juu ya fedha zile majina ya watawala Waislamu wa pwani hii, kama Ali bin Hasan, walioishi yapata miaka elfu moja iliyopita.

Enyi vijana, fikirini: lau sarafu zile zingaliangukia mikononi mwa fundi wetu, zingaliyeyushwa zikawa bangili mbili tatu, na majina ya wazee wetu yangalipotea hata mwisho wa dunia. Zilipochimbwa kwa amana zimekuwa ushahidi kwamba tangu zamani hizo babu zetu walikuwa Waislamu, wenye dola na wenye kujua kuandika. Mali ya namna hiyo haiibiwi wala haigawanyiki.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Kaburi halikuguswa, alhamdulillahi. Fundi aliondoka kijijini kabla ya Ijumaa, na fedha akaenda nazo. Wazee wa mtaa waliitwa, na mzee mmoja aliyelikumbuka jiwe tangu utoto wake alisimama kati ya mwembe na mnazi mkongwe, akaonyesha lilipokuwa. Likarudishwa. Lakini ami amekataa, adai kuwa jiwe limesogezwa hatua nne ndani ya shamba lao, na hatua nne hizo hazijapatana mpaka leo. Baba naye angali akiilipia rehani minazi yake mwenyewe. Shimo limefukiwa, ila udongo wa hapo wabonyea kila mvua inyeshapo.

Kijana amekuwa akija kila Alhamisi kumlimia mjane yule, bila ya ujira. Hatukumwambia afanye hivyo. Alituambia siku moja, "Maalim, mimi ndiye niliyeshika mtaimbo." Twamwomba Mwenyezi Mungu amkubalie.

Enyi wazazi, waonyesheni watoto wenu mipaka ya mashamba yenu mkiwa hai, na mwiandike mbele ya mashahidi. Enyi vijana, mtu akikujieni na karatasi ya alama, mwulizeni kwanza: jiwe hili ni la nani, na nani atadhulumika likiondoka? Hapo ndipo mtakapomjua fundi na mwizi kuwa ni mtu mmoja. Riziki ya halali nayo imo ardhini: yapatikana kwa jembe, kwa mbegu na kwa kungoja mvua.

Mola atukinaishe na halali yake, atuepushe na haramu, na atujaalie kuwa wajenzi wa kuta za mayatima. Amin.

Wabillahi tawfiq.